Kichwa hakina spea

Simama kwenye steji ya boda pale Ogembo jioni uhesabu helmeti. Nyingi zinaning'inia kwenye usukani. Sheria inataka dereva na abiria wavae, lakini wewe unasema, "Ni hapo tu mbele."

Sasa sikiza. Ukianguka ukagonga kichwa, unaweza kuinuka na kusema uko poa. Ndani, mambo ndiyo yanaanza. Seli za ubongo zina vijilango vya protini vya kupitishia maji, vinavyoitwa akwaporini. Peter Agre wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuzigundua. Ubongo ukiumia, maji huingia kwa vijilango hivyo, seli zinavimba. Kinga ya mwili nayo ikikimbilia jeraha, uvimbe unazidi. Fuvu halipanuki, kwa hivyo ubongo unabanwa na damu inakosa njia.

Si tuvifunge tu kwa dawa? Hadi leo hospitali hazina dawa iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Tena vijilango hivyo hivyo husaidia kuondoa maji yaliyozidi.

Kilichopo ni helmeti. Utafiti unaonyesha inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Basi idai kabla hujapanda. Dereva akikosa ya abiria, tafuta mwingine. Steji itajifunza haraka.

Na rafiki aliyegonga kichwa akianza kutapika, kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, usimwambie alale apumzike. Mkimbize hospitali usiku huo huo.