Vyuo vikuu viazimane vitabu kuokoa utafiti

KANUNI zilizotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mwaka 2014 ziliwataka wanafunzi wa shahada ya uzamifu kuchapisha angalau makala mawili katika majarida ya kitaaluma kabla ya kufuzu. Nia ilikuwa njema: kuinua kiwango cha utafiti nchini.

Hata hivyo, makala ya kitaaluma hayachotwi kichwani. Mtafiti hana budi kuonyesha waliomtangulia walisema nini, walikosea wapi na yeye anaongeza lipi. Kumdai kazi hiyo bila kumpa vitabu na majarida ni sawa na kumtuma mtu kisimani bila ndoo.

Swali linalofaa kuulizwa basi ni hili: Je, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini anaweza kukipata kitabu ambacho hakimo katika maktaba ya chuo chake?

Jibu hutegemea sana mahali alipo. Vyuo vikongwe kama vile Nairobi (1970), Moi (1984), Kenyatta (1985) na Egerton (1987) vilianza mapema kukusanya vitabu. Pwani, Kisii, Laikipia na Karatina vilipewa hadhi ya vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Kufikia wakati huo, vitabu vingi vya miaka ya sitini na sabini vilikuwa vimekoma kuchapishwa. Hata kama vyuo hivi vingekuwa na fedha za kuvinunua, madukani havimo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayechunguza ushairi wa Kiswahili akiwa Kilifi. Kitabu anachokihitaji kimo katika rafu ya maktaba jijini Nairobi. Itambidi apande basi usiku kucha, atafute malazi na awe na barua ya kumtambulisha. Akifika, mara nyingi mgeni huruhusiwa kusoma papo hapo tu, wala si kuondoka na kitabu.

Mwenye uwezo atasafiri mara moja. Asiye na uwezo atanakili maelezo ya kitabu hicho kutoka kwa tasnifu ya mwenzake, kisha akiorodheshe katika marejeleo kana kwamba amekisoma. Hivyo ndivyo kosa la mtafiti mmoja linavyorithiwa kutoka tasnifu moja hadi nyingine.

Kwa upande wa majarida, hali ni afadhali, na wakutubi wetu wanastahili pongezi. Mnamo 2003, maktaba za vyuo na taasisi za utafiti ziliungana katika muungano wa KLISC ili kununua kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya mtandaoni. Gharama ambayo chuo kimoja kisingeimudu hubebwa na wengi.

Aidha, ipo mipango ya kimataifa inayowapunguzia mzigo watafiti wa mataifa yanayoendelea, mathalan Hinari ya masuala ya afya iliyoanza 2002 na Agora ya kilimo iliyoanza 2003. African Journals Online, iliyoanzishwa 1998, imekusanya majarida ya Afrika yenyewe. Wapenzi wa lugha nao wana jarida la Swahili Forum, ambalo husomwa bila malipo mtandaoni.

Kinaya ni kwamba wengi waliotengewa karamu hii hawajui mlango uliko. Mwanafunzi huandika mada yake katika Google, akaliona jarida, akabofya na kukutana na ukurasa unaomdai dola kadha. Huondoka akidhani amefungiwa nje. Kumbe huenda chuo chake kimekwisha kulilipia, na alichopaswa kufanya ni kuingia kupitia ukurasa wa maktaba kwa kutumia akaunti yake.

Kosa hili si lake peke yake. Mafunzo ya kutumia maktaba kwa kawaida hutolewa katika wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, wakati mwanafunzi hajui hata bweni lake liko wapi, seuze mada ya utafiti. Miaka mitatu baadaye, anapoanza kuandika pendekezo la utafiti, yote yamemtoka akilini.

Hatari yenyewe imezidi tangu mwishoni mwa 2022, zilipoenea programu za akili bandia zinazoandika insha kwa sekunde chache. Programu hizi zinaweza kubuni jina la kitabu, mwandishi na mwaka, ilhali kitabu chenyewe hakijawahi kuandikwa. Anayejua kukagua katalogi ya maktaba atakigundua kioja hicho mara moja. Asiyejua atakibeba hadi mbele ya watahini.

Mgala muue na haki umpe. Vyuo vya umma vimelemewa na madeni, na maktaba huwa miongoni mwa idara za kwanza kupunguziwa bajeti. Isitoshe, wakutubi wana sababu ya kuhofu kwamba kitabu kikivuka lango hakitarudi.

Lakini ufukara ndio hasa sababu ya kuazimana. Katika mataifa ambako utaratibu huu umekita mizizi, anayeazima si mwanafunzi bali ni maktaba yake. Mkutubi huandikia maktaba nyingine, kitabu hutumwa, na kikipotea maktaba iliyokiomba ndiyo hulipa. Ikiwa kinachohitajika ni makala au sura moja, nakala yake hutumwa kwa barua pepe kwa kuzingatia sheria ya hakimiliki.

Hatua ya kwanza ni kujua nani ana nini. Mwaka 1967, vyuo vya jimbo la Ohio, Marekani, viliungana kuunda katalogi moja ya pamoja. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa WorldCat, inayotumiwa leo na maktaba za mataifa mengi. Hapa kwetu, mwanafunzi hulazimika kupekua katalogi ya chuo kimoja baada ya kingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Muungano uliofaulu kununua majarida kwa pamoja unaweza pia kusimamia katalogi ya pamoja na mkataba wa kuazimana vitabu. CUE nayo, inapokagua vyuo, isitosheke na kuhesabu vitabu vilivyo rafuni. Iulize pia mwanafunzi aliyeomba kitabu kisichokuwapo alisaidiwa vipi, na baada ya siku ngapi.

Wasimamizi wa tasnifu nao wasiidhinishe pendekezo lolote kabla mwanafunzi hajaketi na mkutubi na kuonyeshwa vyanzo vinavyohusu mada yake. Saa moja ya mazungumzo hayo itamwokoa dhidi ya miezi ya kutangatanga.

Vitabu vyenyewe vilinunuliwa kitambo kwa fedha za umma. Mwanafunzi wa Kilifi ana haki navyo sawa na yule anayeishi hatua chache kutoka maktaba ya Nairobi. Ikiwa kifurushi cha nguo husafirishwa kwa basi kutoka Nairobi hadi Kilifi kwa usiku mmoja, kitabu nacho kitashindwaje kufika?