Neno la Mhariri: Mshahara wa Jirani

Kila Mei Mosi inapokaribia, hakosekani wa kumwambia Mtanzania kwamba Mkenya analipwa maradufu yake, wala wa kumwonya Mkenya kwamba akizidi kudai, mwenye kiwanda atavuka mpaka wa Namanga. Ukiyasikiliza maneno hayo mawili kwa pamoja utagundua kwamba anayefaidika nayo ni mwajiri, tena wa pande zote mbili. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya ulinganisho huo, na kabla msomaji hajafungua makala ya kwanza ni haki yake ajue kwa nini hatuuamini ukifanywa kwa namba moja.

Tuchukue mwaka 2025. Kwa upande wa Kenya, nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza Novemba 2024 ilimfikisha kibarua wa kawaida wa Nairobi kwenye kima cha chini cha shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kwa upande wa Tanzania ilikuwa bado inatumika amri ya mishahara ya mwaka 2022, ambayo ilianza Januari 2023 na kumwekea mfanyakazi wa viwanda na biashara shilingi 150,000. Shilingi ya Kenya ilikuwa inacheza kwenye 20 za Tanzania, kwa hiyo mtu wa Nairobi alikuwa na kama 322,000. Maradufu na ziada. Wengi hufunga daftari hapo.

Wangeendelea kusoma wangekuta jambo la ajabu. Kibarua wa shambani asiye na ujuzi, ambaye Kenya humwekea jedwali lake peke yake, kima chake kilikuwa shilingi 7,997.33. Hizo ni kama 160,000 za Tanzania. Mwenzake wa kilimo Tanzania alikuwa na 140,000. Zile maradufu zimeyeyuka, imebaki tofauti ya shilingi elfu ishirini hivi, na hata hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata maduka ya kubadilisha fedha.

Sababu iko kwenye namna nchi hizi mbili zinavyopanga amri zao. Tanzania hupanga kwa sekta, na kima cha sekta ni kilekile, uwe Kariakoo au Mbinga. Kenya hutazama pia mahali, mji mkubwa ukiwa na kima chake na mji mdogo chake, kisha kilimo hukiweka kando kabisa. Matokeo yake ni kwamba sheria ya Kenya yenyewe humhesabu kibarua wa shamba kuwa nusu ya kibarua wa Nairobi, wakati Tanzania kati ya shamba na kiwanda palikuwa na shilingi 10,000 tu. Pengo tulilozoea kulitafuta mpakani liko pia kati ya Nairobi na mashamba ya chai ya Kericho, na Mei Mosi sijaona likipewa jukwaa.

Hata hivyo mchumaji chai wa Kericho hakuwahi kuishi kwa kima hicho cha serikali. Katika mashamba makubwa hulipwa kwa kilo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba wa hali bora kati ya chama chake, KPAWU, na umoja wa wenye mashamba, kisha mkataba husajiliwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mufindi, upande wa Tanzania, nako kuna chama, TPAWU, chenye jina linalokaribiana na hilo kama pacha. Kwa miongo mingi Unilever ilikuwa na mashamba Kericho na Mufindi pia, hadi ilipouza biashara yake ya chai mwaka 2022. Majani ya pande zote mbili yamekuwa yakipelekwa mnada wa Mombasa na kuuzwa kwa dola. Dar es Salaam ilianzisha mnada wake Novemba 2023 tu. Zao moja, soko moja, na kwa muda mrefu mwenye mali mmoja. Anayetaka kujua mshahara unatoka wapi aanzie hapo, maana mnunuzi wa Mombasa haulizi mchumaji alipewa nini. Kiasi cha dola kinachomrudia mchumaji huamuliwa shambani, na kwa maoni yangu kinachoamua ni nguvu ya kukaa mezani kuliko ukarimu wa amri yoyote.

Nguvu hiyo nayo ina bei yake. Mshahara wa Kericho ulipopanda, wenye mashamba walileta mashine za kuchumia, na Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto na waandamanaji. Wako wanaosema hilo ni onyo kwa Mufindi: msidai sana. Mimi nasoma vingine. Mashine huja pia mahali ambapo watu wanalipwa kidogo, na aliyelipwa kidogo huondolewa akiwa hana hata akiba. Vilevile mkataba mzuri wa mshahara haumlindi mtu na kila kitu. Februari 2023 BBC ilionyesha wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho wakieleza jinsi wasimamizi walivyowataka kingono ili wapate kazi. Hakuna safu ya jambo hilo kwenye jedwali la mishahara.

Mazingira mengine ya kazi nayagusa kwa haraka, kwani makala za ndani zimeyachambua vya kutosha. Wiki ya kazi Tanzania ni saa 45. Kenya, kwa amri ya jumla, 52. Anayepunguzwa kazi Kenya hudai mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, Tanzania siku 7, tena kwa miaka isiyozidi 10. Hifadhi ya jamii ya Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakichangia, wakati Kenya kwa muda mrefu kila upande ulitoa shilingi 200 tu kwa mwezi, na hesabu ya asilimia ilianza kutumika 2023. Mwaka 2025 yule wa Nairobi mwenye 16,113.75 alikatwa mchango wa hifadhi ya jamii (NSSF), bima ya afya ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, jumla kama shilingi 1,650, kabla hajamwona mwenye nyumba. Ukipima kwa saa Kenya inapungua, ukipima kwa siku ya kuachishwa inapanda.

Kosa la Tanzania ni la kalenda. Baada ya amri ya 2013 sekta binafsi ilikaa hadi ile ya 2022, miaka tisa, bidhaa zikipanda bila kungoja mtu. Kenya katika muda huo ilipandisha 2015, 2017, 2018 na 2022. Amri mpya ya Tanzania, iliyotangazwa Oktoba 2025 ianze Januari 2026, inasifiwa kwa kupandisha wastani wa kima cha chini kutoka 275,060 hadi 358,322. Nyongeza ni kubwa, sibishi. Ila wastani huo umechanganya benki na shamba, na hakuna mtu anayepokea wastani mwisho wa mwezi.

Pengo kubwa kuliko yote hatukulikuta kiwandani wala kwenye chai. Amri ya Kenya inamtaja yaya na mtumishi wa nyumbani katika kundi moja na kibarua wa kawaida, kwa hiyo Nairobi mwaka 2025 kima chake kilikuwa zilezile 16,113.75. Amri ya Tanzania ya 2022 ilimpa dada wa kazi anayelala kwa mwajiri, katika nyumba ya kawaida, shilingi 60,000. Kwa maandishi, kima cha mmoja kilikuwa zaidi ya mara tano ya cha mwingine. Hapo hata mimi nilitaka kusema kwamba maradufu ni maneno ya upole. Lakini maandishi si malipo: vyama vya wafanyakazi, CHODAWU kwa Tanzania na KUDHEIHA kwa Kenya, vinajua ugumu wa kuandikisha wanachama ambao kila mmoja yuko nyuma ya geti lake, na makala yetu ya mwisho inahusu nyumba hizo, zikiwemo, bila shaka, za wasomaji wetu. Tumeiacha bila jedwali la mishahara inayolipwa kweli. Mwenye hati ya malipo ya mfanyakazi wa ndani, ya Nairobi au ya Dar es Salaam, atuletee. Tutafuta majina na kuichapisha toleo lijalo.