Paka Mwenye Kisukari: Dozi Haikisiwi



Wiki hii tumeletewa suala ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona dogo. Familia moja hapa Dodoma ina paka mzee aliyegunduliwa kuwa na kisukari, na daktari wa mifugo ameagiza achomwe insulini mara mbili kwa siku. Katika nyumba hiyo yumo pia bibi anayetumia insulini. Vijana wanauliza: je, paka achomwe kutoka chupa ya bibi, kwa kipimo cha kukadiria?

Suala hili si dogo hata kidogo. Sote tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Wanyama wana haki katika dawa hii pia: mwaka 1921, kule Toronto, Banting na Best waliijaribu kwa mbwa kabla kijana wa miaka 14 hajatibiwa kwayo Januari 1922. Kumtibu paka, basi, ni wema. Lakini huruma isiyo na elimu huweza kuua.

Chupa ya bibi na iachwe. Dawa ile imehesabiwa kwa siku zake, na haki yake inatangulia. Tena, sindano iliyomchoma mnyama ikirudishwa chupani, imekwisha kuichafua dawa ya mgonjwa. Paka awe na chupa yake, ya aina aliyoitaja daktari.

Bomba la sindano nalo litazamwe vyema. Insulini ya binadamu kwa kawaida huwa na uniti 100 katika mililita moja, ilhali baadhi ya insulini za wanyama zina uniti 40, na kila moja ina bomba lake. Mwenye kuvuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 1, amechoma uniti mbili na nusu. Paka wengi huanzishiwa takriban uniti 1 tu. Kosa hilo laweza kumwangusha.

Sindano zipishane kwa saa 12, paka akiwa amekula. Tusifuate adhana katika hili: hapa kwetu, kutoka Alfajiri hadi Magharibi ni kama saa 13, na usiku husalia 11. Saa ya ukutani, 12 asubuhi na 12 jioni, yatosha. Pawepo na daftari. Kila anayechoma aandike saa na kipimo, ili mtoto na mama wasichome wote wawili. Ikiwa hamna hakika kama amekwisha kuchomwa, msirudie. Kukosa sindano moja hakumdhuru sana, bali ya pili juu ya ya kwanza huweza kumuua. Akikataa chakula au akitapika, daktari aulizwe kabla ya kuchoma.

Dalili za sukari kushuka ni kulegea, kuyumba, kutetemeka, kisha degedege. Hapo apakwe asali kwenye ufizi, asimiminiwe kooni, akimbizwe kwa daktari.

Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa katika friji, mbali na barafu. Umeme ukikatika katika joto la Oktoba, chungu ndani ya chungu, na mchanga mbichi katikati, husaidia. Hewa kavu ya Dodoma hukausha maji upesi na kuleta ubaridi ambao watu wa pwani hawaupati kwa urahisi.

Mwisho, chakula. Ugali haumfai mgonjwa huyu. Apewe nyama au samaki. Lakini daktari aarifiwe kabla ya kubadili mlo, kwani chakula kikibadilika, haja ya insulini nayo hupungua. Wapo paka wanaotibiwa mapema wakafikia kutoihitaji tena. Kwa hiyo dozi iliyofaa mwezi uliopita yaweza kuwa sumu mwezi huu. Vipimo virudiwe, na atakayepunguza au kuongeza awe daktari, si sisi wenye mapenzi.

Wallahu a'alam.