Daftari la Shule na Programu Kuukuu

Juma lililopita tulialikwa na kamati ya shule moja ya jamii yetu tutoe rai juu ya jambo lililowagawa: je, programu ya Access 2010, inayohifadhi majina ya wanafunzi, alama na karo, ibadilishwe, au iachwe maadamu ingali yafanya kazi?

Mweka hazina alitaka iachwe. Hakusema kwa ubahili. Karo ya muhula haijakamilika na paa la darasa moja linavuja. Karani naye ameizoea hata gizani angeitumia. Sisi wenyewe tuliingia tukiuelekea upande wao.

Kilichotugeuza ni faili moja la zamani. Karani alilihifadhi tangu shule ilipotumia Access 97. Tulipojaribu kulifungua kwenye tarakilishi mpya ya mwalimu mkuu, yenye toleo la 2019, lilikataa. Halikuwa bovu: tangu toleo la 2013, Access haisomi tena mafaili ya 97. Toleo la 2010 ndilo la mwisho linaloweza kuyafungua na kuyageuza yawe ya muundo mpya. Kumbe ile mashine yenye vumbi pembeni mwa ofisi ndiyo mlango pekee uliosalia shuleni wa kuzifikia kumbukumbu hizo. Ikifa, mtu mzima atakayekuja kuomba barua ya kuthibitisha kwamba alisoma pale ataambiwa nini?

Tena Microsoft iliacha kulitolea toleo la 2010 marekebisho ya usalama mnamo Oktoba 2020. Nambari za simu za wazazi na habari za nani anadaiwa nini ni siri za watu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamtaka anayezihifadhi azilinde.

Basi tukasema ibadilishwe, ila si katikati ya muhula. Kwanza mafaili ya 97 yageuzwe kwa mashine ileile kuukuu, kisha zitolewe nakala mbili, moja ilale nje ya ofisi. Likizo ya mwisho wa mwaka ikifika, data ihamishwe, na majina kumi yachukuliwe kutoka daftari la karatasi yalinganishwe, karo kwa karo, alama kwa alama. Mashine ya zamani isiuzwe kabla ya muhula wa kwanza kwisha.

Palikuwapo pia muuzaji wa programu ya kulipiwa kila muhula kwa idadi ya wanafunzi. Tulimwuliza: mkataba ukikoma, shule itarudishiwa data yake katika muundo gani? Alijibu kwamba atauliza ofisini kwao. Hilo tusingelitilia saini kabla ya jibu kuja kwa maandishi.

Mweka hazina aliomba muda wa kutazama hesabu. Karani, tulipokuwa tukiagana, alikwisha anza kutafuta flashi.