Nampelekea mama mkate, ananiletea kunde

Jumapili hii nitakusimulia ya nyumbani kwangu mwenyewe. Nimezoea kuandika juu ya meko ya wenzangu, kumbe langu ndilo lililokuwa likifuka moshi.

Mwezi Machi mwaka huu mama yangu alikuja Nairobi kutoka Vihiga. Ana miaka 71. Magoti yalikuwa yakimsumbua, nami nikaona nimpeleke kwenye zahanati iliyo karibu na kwetu hapa Umoja. Kama ujuavyo, kabla ya kumwona daktari sharti upimwe uzito na presha. Sista akamfunga mama kile kitambaa mkononi, mashine ikanguruma, ikatoa 122 kwa 76. "Mama, wewe bado msichana," akamwambia. Na kwa vile foleni haikuwa ndefu siku hiyo, akaniambia nami ninyoshe mkono.

154 kwa 98. Sista hakutabasamu. Aliniambia nikae kitako, nisizungumze, niguse sakafu kwa miguu yote miwili. Baada ya dakika 10 akapima tena: 152 kwa 96. Mama hajui chochote kuhusu tarakimu hizo, lakini uso wa binadamu anaujua kuusoma. Akaniuliza kwa lugha ya kwetu, "Mwanangu, kwani mgonjwa aliyeletwa hapa ni nani?"

Daktari alinieleza kwamba kipimo cha siku moja hakimhukumu mtu, kwa hiyo nikarudi siku nyingine mbili. Matokeo yakawa yale yale. Nina miaka 37, sivuti sigara, wala sina ule unene ambao watu huugeukia barabarani. Nilidhani ataniuliza juu ya mawazo na madeni. Aliniuliza jambo moja tu: "Jana ulikula nini, tangu ulipoamka?"

Ebu nawe msomaji jiulize hilo, na ujibu bila kujidanganya. Mimi nilijibu hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kukimbilia matatu: chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na slaisi nne za mkate mweupe zilizopakwa majarini. Saa nne ofisini: chai nyingine na mandazi mawili. Mchana: chipsi na soseji, nikazinyunyizia chumvi hata kabla ya kuzionja, na soda ya kuteremshia. Jioni stejini nilikuta foleni ndefu, njaa ikanishika, nikanunua smoki iliyopasuliwa ikatiwa kachumbari. Usiku: ugali wa unga mweupe, sukuma wiki na mayai, vyote vikiwa vimekaangwa kwa mafuta ya kuganda na kutiwa ule unga wa mchuzi wa pakiti, kisha chumvi juu yake. Matunda? Hakuna. Nilipokuwa nikiyataja moja baada ya jingine niliona haya, kwani hiyo haikuwa siku ya sherehe. Ilikuwa Jumanne.

Daktari akaandika kwenye karatasi yake. "Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku," akasema. "Hicho ni kijiko kimoja cha chai, cha kusawazishwa, si cha mlima. Wewe umekipita kabla ya kufika nyumbani."

Mimi niliyasikiliza kama msomaji wa kawaida, lakini mwandishi ndani yangu alitaka kujua zaidi, nikaenda kutafuta maandishi. Niliyoyakuta yalinishangaza. Mwaka wa 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliyekuwa akitibu watu huku kwetu Kenya katika South Kavirondo, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kwa muda wa miaka miwili alilaza wagonjwa wapatao 1,800 na hakupata hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Leo hospitali gani Nyanza inaweza kusema hivyo?

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwafuata Wajaluo waliokuwa wakihama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Utafiti ukachapishwa Uingereza mwaka wa 1990. Waligundua kwamba damu ya wahamiaji ilianza kupanda miezi michache tu baada ya kuingia mjini. Si miaka, miezi! Uzito wao uliongezeka. Mkojo wao ulipopimwa ulionyesha kwamba chumvi wanayokula imezidi, na potasiamu imepungua. Potasiamu ni madini yanayousaidia mwili kuitoa chumvi, nayo tunaipata kwenye mboga za majani, maharagwe, ndizi, viazi vitamu na mfano wa hivyo. Kwa maneno mengine, mtu alishuka kutoka kwenye basi, akabadilisha sahani, na mishipa yake ikajua.

Sasa utaelewa kwa nini hoja ya "ni ugonjwa wa ukoo" haikunifaa kitu. Ukoo wangu ulikuwa umeketi pale kwenye benchi la zahanati, una miaka 71 na 122 kwa 76. Kweli, mama hulima na hutembea kwa miguu kwenda sokoni, nami huketi ofisini siku nzima. Hilo nalo limo. Lakini mengine yote nimeyanunua kwa pesa zangu.

Na kuna kichekesho hapa ambacho ningetaka ukifikirie. Tunapokwenda mashambani, sisi watu wa mjini hubeba nini? Mkate, sukari, mafuta ya kupikia, labda na soda za watoto. Mtu akifika kwa mzazi wake bila mkate, majirani watasema mtoto wa fulani hana kazi. Nasi tunaporudi tunafungashiwa karanga, maharagwe, ndizi, viazi vitamu, majani ya kunde na mrenda ndani ya gunia. Miaka kumi na mitano mimi nampelekea mama mkate, yeye ananiletea kunde. Mwaka huu nilipomuuliza hufanyia nini mkate ule wote, alicheka. Huwagawia watoto wa jirani. Nami, kusema kweli, kunde zake nyingi zilininyaukia jikoni kwa sababu sikuwa na wakati wa kuzichambua.

Wakati! Hapo ndipo penye kiini, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaotugombeza redioni kila siku kana kwamba tunakula vibaya kwa ulafi. Mama wa nyumba anayefika kwake saa mbili za usiku, amechoka, watoto wana njaa na mtungi wa gesi unakaribia kwisha, hawezi kuanza kuchemsha maharagwe ya saa mbili. Atakaanga kitu cha dakika 10. Chipsi zimeshika mji huu kwa sababu ziko tayari, na tambi za pakiti zimeingia kila nyumba kwa sababu hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuzipika. Ukinunua pakiti ya tambi hizo, soma mgongoni pameandikwa sodiamu kiasi gani, kisha uzidishe mara 2.5 ndipo upate chumvi yenyewe. Si ajabu ukute miligramu 800 au 1,000 za sodiamu, ambazo ni karibu nusu ya chumvi ya mtu mzima ya siku nzima, kwenye kibakuli cha mtoto.

Lakini tusikilaumu chakula cha haraka kwa uharaka wake. Mama mboga wa kona yetu huuza githeri iliyokwisha kuchemshwa, bila chumvi wala mafuta, anakupimia kwa kopo. Asubuhi stejini kuna mwanamke anauza nduma na viazi vitamu vya kuchemsha, na mwingine uji wa wimbi. Kuna ndizi, kuna mayai ya kuchemsha, kuna karanga. Hivi vyote ni vya haraka. Mimi nilikuwa nikivipita kila siku nikielekea kwenye mandazi.

Basi tulifanyaje? Kwanza, mkebe wa chumvi uliondoka mezani. Baba watoto alinuna siku nne, akasema chakula changu sasa kina ladha ya hospitali. Nikaanza kutumia dania, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili. Siku ya tano alikula bila kusema neno, na kwa yule bwana kunyamaza ni sifa. Unga wa mchuzi wa pakiti ulifuata mlango ule ule. Pili, kila Ijumaa usiku naroweka kilo moja ya maharagwe, na Jumamosi nayachemsha kwa pamoja nikifua nguo, kisha nayagawa kwenye mikebe na kuyatia frijini. Kuroweka kunapunguza sana muda wa kupika, kwa hiyo na gesi. Rafiki yangu mmoja hutumia sufuria ya presha. Yeye husema anaondoa presha kwa presha. Asiye na friji, arudi kwa mama mboga na kopo lake.

Sukari ilikuwa vita virefu zaidi. Nilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, nikakaa hapo majuma mawili, kisha kimoja. Soda niliiacha kwa ghafla baada ya kupiga hesabu: soda nyingi za kawaida zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, hivyo ile chupa ya kioo ya mililita 300 ina vijiko saba hivi. Hakuna aliye na akili timamu atakayetia vijiko saba kwenye kikombe cha chai mbele ya watu.

Kuhusu unga, sitaki nikupotoshe. Unga mweupe wa pakiti umekobolewa, ukapoteza pumba na kiini, lakini tangu mwaka wa 2012 sheria inawataka wenye viwanda kuuongezea vitamini na madini kama chuma na zinki. Sisi nyumbani tunachanganya: siku nyingine wa pakiti, siku nyingine wa kusagisha mahindi mazima na mtama. Ukisagisha, hakikisha mahindi yamekauka sawasawa, hayana ukungu. Wasomaji wa Makueni na Kitui hawajasahau mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini ilipoua watu 125.

Na mboga za kienyeji? Managu, saga, terere, kunde, mrenda. Kwa miaka mingi zilionekana magugu au chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezitafiti maisha yake yote ya kazi, naye alizizoea utotoni kwa sababu mwili wake ulikataa maziwa, samaki na mayai. Mwaka wa 2021 UNESCO ilitambua juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano wa kuigwa. Siku hizi managu yapo hata kwenye maduka makubwa, na bei yake wakati mwingine inaishinda sukuma wiki! Hata hivyo uchunguzi wa serikali wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba Wakenya 94 katika kila 100 hawafikishi visehemu vitano vya mboga na matunda kwa siku, na karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu. Wengi wao hawakuwa wakijua. Mimi ningekuwa mmoja wao hadi leo kama magoti ya mama yangu yasingeuma.

Nyinyi wanafunzi wa vyuo mnaoishi hosteli, nawajua, nami nilipita huko kwa chipsi na chai ya rangi. Mkishindwa na yote, avokado moja, ndizi mbili na githeri ya kopo havihitaji jiko. Na pimeni presha, ni dakika tano tu. Ila mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie kuongeza vyakula vya potasiamu kabla ya kumuuliza daktari wake, na anayemeza vidonge vya presha asiviache kwa sababu amesoma makala yangu.

Mimi mwenyewe daktari alinipa miezi mitatu ya kula na kutembea kabla ya kuamua juu ya dawa. Nashuka matatu steji mbili kabla ya kwetu, mvua isiponyesha. Kipimo cha mwezi wa pili kilikuwa 142 kwa 90. Ni afadhali, lakini bado. Jumanne ijayo ninarudi kwa kipimo cha mwisho, na vidonge vikihitajika nitavimeza. Mama amekwisha kunipigia simu mara mbili kuuliza siku yenyewe. Amesema kuna gunia linakuja kwa basi la Jumatatu, na kwamba safari hii nisithubutu kuziacha zinyauke.