Mwenye njaa hahukumiwi kutoka kwenye kiti

Tangu mwaka 2001 televisheni ya Ufaransa TF1 inaonyesha kipindi kinachoitwa Koh-Lanta. Watu wapatao 20 wanapelekwa kisiwani, mbali na kwao, wanaachiwa chakula kidogo sana, na inawabidi watafute maji, moto na riziki kwa mikono yao. Wanashindana mbio, kuogelea na kuvumilia, kisha wanapiga kura ya kumwondoa mmoja wao. Baada ya siku 40 hivi, anayebaki wa mwisho anapata euro 100 000.

Huku kwetu mashariki, wenye antena ya kulipia wanakitazama nyumbani. Wengine, hasa vijana, wanaona vipande vyake kwenye simu, pamoja na vipindi vya Wamarekani vya namna hiyo hiyo. Hatuandiki ili kuwakataza. Kuna mema ndani yake: mtu anayegawa samaki mmoja kwa watu saba, mama wa miaka 50 anayewashinda vijana kwa uvumilivu. Tunaandika kwa sababu ya kile kinachotoka vinywani mwa watazamaji. Wanaotazama wameshiba, anayetazamwa ana njaa, na hukumu inatolewa kabla picha haijaisha: huyu mvivu, yule mnafiki, huyu anajifanya mgonjwa. Maneno hayo yamekwisha kuleta maumivu makubwa, na yanafanana sana na maneno tunayoyasikia katika kartie zetu na hata kwenye viwanja vya makanisa yetu.

Tuanze na historia. Koh-Lanta ilitokana na kipindi cha Uswidi kilichoanza mwaka 1997. Kati ya washiriki wake wa kwanza alikuwemo mkimbizi aliyekuwa amekimbia vita vya Bosnia na kupata makao huko. Wenzake walimwondoa kwa kura kabla ya wengine wote. Aliporudi nyumbani, kabla kipindi hakijaonyeshwa hata mara moja, alijiua. Mjane wake alieleza hadharani kwamba mumewe aliogopa picha zingekatwa na kuunganishwa hata aonekane mpumbavu mbele ya nchi nzima. Mtu huyo alikuwa amepona vita. Kilichomtisha ni macho ya watu waliokuwa bado hawajamwona. Kipindi kiliendelea, na kikapendwa na wengi.

Miaka 16 baadaye, tarehe 22 Machi 2013, Koh-Lanta ilikuwa imeanza kurekodiwa Kambodia. Siku ya kwanza kabisa, kijana wa miaka 25, Gérald Babin, alipata maumivu ya misuli wakati wa mchezo, kisha moyo wake ukasimama, naye akafariki. Ilikuwa haki kabisa kwa familia yake kuuliza ikiwa alitibiwa vizuri na kwa wakati. Lakini siku chache baadaye yalitolewa maelezo ya mtu asiyetaja jina lake, akisema kwamba matibabu yalicheleweshwa ili kamera ziendelee kuchukua picha. Watayarishaji walikana. Maneno hayo yalienea, na aliyelengwa akawa daktari wa kipindi, Thierry Costa. Tarehe 1 Aprili, siku kumi tu baada ya kifo cha kijana, daktari naye alijiua kule kule Kambodia. Aliacha barua akisema kwamba jina lake limechafuliwa, na kwamba alimhudumia Gérald kama mgonjwa wake. Msimu ule wote ulifutwa.

Hatuko hapa kuamua nani alikuwa na kosa. Tunaangalia zile siku kumi tu. Ndani yake uchunguzi ulikuwa haujatoa jibu, mashahidi walikuwa hawajasikilizwa wote, lakini maelfu ya watu ambao hawajawahi kufika Kambodia walikuwa wamekwisha kupata mkosaji wao. Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, anafananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Siku hizi moto huo hauhitaji hata ulimi. Kidole kinatosha.

Tukio la tatu ni la mwaka 2021. Koh-Lanta iliwakusanya washiriki wake mashuhuri wa miaka iliyotangulia, wakapelekwa Polinesia ya Ufaransa. Mwishoni, tarehe 14 Desemba, watazamaji waliokuwa wakingoja mshindi waliambiwa kwamba hakuna mshindi. Ilikuwa imejulikana kwamba baadhi ya washiriki walikuwa wakipata chakula kwa siri kutoka kwa watu wa huko. Hasira ilikuwa kubwa. Wapo waliosema wamesalitiwa. Wengine waliuliza: ninyi mnaolaumu, mngevumilia njaa ya wiki nyingi huku jirani anapika karibu? Maswali yote mawili yana uzito. Wale walikuwa wameahidi kufuata kanuni, na kulikuwa na zawadi mbele yao, kwa hiyo kula kwa siri kulikuwa kuwadanganya wenzao. Lakini kosa la kuvunja ahadi lina kipimo chake. Matusi, vitisho, na kuwaandama hata jamaa zao ni jambo lingine. Mtangazaji wa kipindi, Denis Brogniart, amewahi kuwasihi watazamaji hadharani waache kuwatukana washiriki.

Kwa nini mtazamaji anakuwa mkali hivyo? Sababu ya kwanza iko katika namna kipindi kinavyotengenezwa. Kamera zinarekodi mchana na usiku, kwa majuma mengi. Anayekaa nyumbani anapewa saa mbili hivi kwa wiki. Mtu aliyechota maji mara tano anaweza kuonyeshwa mara moja tu, akiwa amelala. Anayekata picha anahitaji shujaa, anahitaji mchekeshaji, na anahitaji mtu wa kuchukiwa, maana bila huyo wa tatu watu hawarudi wiki ijayo. Mtazamaji anadhani amemjua mtu, kumbe amejua kipande alichokatiwa.

Sababu ya pili ni shibe yenyewe. Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Njaa haishambulii tumbo peke yake. Mwili unapungua, usingizi unapotea, hasira inakuwa karibu, na mtu mpole anaweza kugombana kwa ajili ya kijiko cha wali. Aliyeketi anaona ugomvi na kusema, tabia mbaya. Aliyewahi kulala njaa siku nne anajua kwamba pale panazungumza mwili.

Sasa turudi kwetu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wamehama makwao ndani ya Kongo, na wengi sana kati yao ni wa Ituri, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Katika makanisa yetu wamo waliolala msituni katika eneo la Beni, Irumu, Walikale au Shabunda, bila moto ili moshi usiwaonyeshe walipo, wakimziba mtoto mdomo ili kikohozi kisisikike. Wamekula mihogo michungu ambayo haikupata siku zake za kulowekwa, wakijua kwamba inaweza kuwadhuru. Hao hawakujiandikisha. Hakuna daktari aliyekuwa akiwasubiri nyuma ya mti, na hakuna neno la kusema ili mashua ije iwachukue. Mshiriki wa kisiwani anaweza kuomba kuondoka wakati wowote. Mama wa Irumu angemwomba nani?

Mtu angetegemea kwamba sisi tunaoishi pamoja na watu kama hao tungekuwa wa mwisho kumhukumu mwenye njaa. Lakini tusikilize yanayosemwa siku ya kugawa msaada. "Hawa hawana njaa, nimewaona wakiuza maharage." "Yule ana jetoni mbili." "Wanaume wao wanakaa tu." "Wamezoea kupewa." Sentensi hizo zinafika katika vikundi vya simu vya kwaya, vya wamama na vya vijana, mara nyingi pamoja na picha ya mtu aliyepigwa bila kuulizwa, amebeba mfuko wake kichwani. Tayari kuna kamera, kuna mkataji wa picha, kuna watazamaji, na kuna mtu wa kuondolewa kwa kura. Kinachokosekana ni zawadi tu.

Tuchukue lile la maharage. Familia inapokea maharage, unga, mafuta na chumvi. Haipokei dawa, wala sabuni ya mwezi mzima, wala kuni za kupikia hayo maharage. Mtoto akipata malaria, mama atauza vikombe vichache vya maharage sokoni ili anunue dawa. Mpita njia anaona mauzo na hamuoni mtoto. Ni kipande alichokatiwa, kama cha televisheni, na hukumu inatoka kwa urahisi ule ule.

Neno la Mungu linatuonya waziwazi. Kitabu cha Obadia kina sura moja tu, na kosa kubwa la Edomu ndani yake linaanza kwa kutazama. Siku Yerusalemu ilipoangamizwa, Edomu alisimama kando na kuyaangalia mateso ya ndugu yake, akayafurahia, akafungua kinywa chake kwa majivuno. Kisha akaingia mjini kuchukua mali, na mwisho akasimama njia panda kuwakamata waliokuwa wakikimbia. Angalieni mpangilio huo katika mstari wa 11 hadi wa 14. Asiyejifunza kutazama kwa huruma yuko njiani kuelekea mabaya zaidi. Na Luka 23:35 inatuonyesha watu waliosimama wakitazama msalabani, huku wakuu wao wakidhihaki. Bwana wetu anajua uchungu wa kutazamwa namna hiyo.

Tena kuna sheria nzuri katika Kumbukumbu la Torati 23:24-25. Mtu anayepita katika shamba la mizabibu la jirani yake anaruhusiwa kula mpaka ashibe, lakini asitie kitu katika chombo chake. Katika shamba la ngano anaruhusiwa kuvunja masuke kwa mkono, lakini asipeleke mundu. Mungu anaijua njaa na anaipa nafasi. Anaijua pia tamaa na anaiwekea mpaka. Anayetaka kuhukumu sawasawa inampasa kwanza atofautishe mkono na mundu. Hilo haliwezekani kwa kutazama picha kwenye simu. Inabidi kufika shambani.

Wengine watauliza: je, tunyamaze hata kama shemasi anaiba unga wa wakimbizi, au mtu anaandika majina ya uongo kwenye orodha? Hapana. Kuiba chakula cha wenye njaa ni dhambi nzito, na kanisa linaloficha jambo hilo linashiriki ndani yake. Lakini Mathayo 18 inatupa njia: kwenda kwa mhusika, kisha na mashahidi wawili au watatu, kisha mbele ya kanisa. Njia hiyo inampa mshitakiwa nafasi ya kujibu, na inamlazimu mshitaki aseme jina lake. Maelezo yasiyo na jina, yanayosambazwa usiku na kusomwa na watu 200 kabla mhusika hajaamka, hayamo katika njia hiyo. Orodha za msaada zisomwe kwa sauti mbele ya watu, hesabu zibandikwe ukutani, na malalamiko yapokelewe na kamati inayojulikana. Penye mwanga wa namna hiyo uvumi unakosa chakula.

Kwa vijana wetu wanaopenda vipindi hivi tunapendekeza jambo moja. Mtazame pamoja, na baada ya kutazama mjiulize: ni nini hatukuonyeshwa? Nani alipata faida sisi tulipomchukia yule? Ningekuwa mimi, siku ya ishirini bila chakula, ningetaka watu waseme nini juu yangu? Kijana aliyezoea maswali hayo mbele ya televisheni atayakumbuka atakapoletewa video ya jirani yake.

Kwa wachungaji na mashemasi tunaomba msiruhusu picha ya mtu anayepokea msaada kusambazwa bila ruhusa yake mwenyewe. Aliyepoteza nyumba, shamba na ng'ombe amebakiwa na uso wake. Tusimnyang'anye na huo.

Na kwetu sote: kabla ya kusema neno juu ya familia iliyokimbia, tuitembelee kwanza. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za mwanzo, walipoketi naye chini bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipoanza kueleza sababu za mateso yake. Tukienda, tubebe hata kikombe cha chumvi, tukae chini, tusikilize. Inawezekana tutarudi nyumbani tukiwa na machache ya kusema kuliko tulivyokwenda, na hilo litakuwa baraka kwao na kwetu.