Mbung'o, Tegu na Ardhi ya Mbulu

Tukipita vijijini huku Bashay kwa kazi za Chama, mara kwa mara twakuta nyumba yenye kijana ambaye hatumwi kuteka maji peke yake, haachwi karibu na moto, wala hapelekwi shule. Ana kifafa. Majirani hawali naye chungu kimoja, maana wadhani kifafa huambukiza kwa mate, na wengine wasema ni laana ya ukoo. Sisi twasema kwamba hakuna aliyepata kifafa kwa kula na mwenzake, na kwamba kwa baadhi ya vijana hawa ile iitwayo laana imetoka uani, nyuma ya nyumba.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom madaktari waliwapiga picha za ubongo watu 212 wenye kifafa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Karibu mmoja katika kila sita alionekana kuwa na alama za mabuu ya tegu wa nguruwe ndani ya kichwa. Nao wataalamu wa mifugo waliochunguza ndimi za nguruwe wa wilaya ya Mbulu, wakatangaza waliyoyaona mwaka 2004, walikuta mabuu hayo katika nguruwe 17 hivi kwa kila 100.

Njia ya mdudu huyu yafaa ijulikane na kila mwanachama. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye mabuu isiyoiva, tegu hukua tumboni mwake. Mtu huyo akienda haja porini, nguruwe anayezurura hula kinyesi chenye mayai, na mabuu huingia katika nyama yake. Hapo mzunguko umetimia. Lakini mayai yale yale yakimwingia binadamu kinywani, kwa mikono isiyonawiwa au maji machafu, hugeuka mabuu ndani ya mwili wa binadamu, na yakifika katika ubongo huleta kifafa. Kwa hiyo hata mtu asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote aweza kuugua kwa sababu jirani hana choo. Ndugu zetu wanaojiona salama kwa kuwa hawali nguruwe walifikiri neno hili.

Tumeanza na tegu kwa sababu yuko mlangoni. Lakini shabaha yetu ni ardhi. Mababu wa Mbulu walikuwa watu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nguruwe kaja baadaye, na kwa maoni yetu hakuja kwa bahati tu. Watu wameongezeka, malisho yamekuwa mashamba, na mwenye ekari mbili hawezi kulisha ng'ombe kumi, bali aweza kumwacha nguruwe ajitafutie. Ardhi ilibadilika, mnyama akabadilika, na mdudu naye akabadilika. Jambo hili si geni katika nchi yetu.

Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika ya Mashariki ikaangamiza ng'ombe, kundi baada ya kundi. Njaa ikafuata, na ndui. Mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka, wala hakukuwa na ng'ombe wa kula machipukizi wala watu wa kukata na kuchoma majani. Kichaka kikarudi, na ndani yake wanyama wa mwitu na mbung'o. Wakoloni walipoikuta nchi katika hali hiyo walisema, tazameni, Afrika ni pori na Mwafrika hajui kuitunza. Waliukuta msiba wakadhani ni desturi!

Dawa waliyoitunga wakati wa Waingereza ilikuwa kuwahamisha watu. Miaka ya 1920 na 1930, katika sehemu nyingi za Tanganyika zenye malale, wananchi walikusanywa katika makazi makubwa na nchi waliyoiacha ikarudishiwa mbung'o. Mwingereza Swynnerton, ambaye jina lake limepewa aina moja ya mbung'o wa huku kwetu kaskazini, alifanya utafiti wake Shinyanga, na watu wa Usukuma ndio waliotoa mikono ya kukata pori. Hapa Mbulu nako, miaka ya 1940 na 1950, watu walikata pori huku wakilazimishwa kupunguza ng'ombe wao. Nchi ya kuelekea Haydom, iliyokuwa ya mbung'o, ikaingiwa na wakulima. Hatuna budi kukiri kwamba kazi ile ilifaa. Mbung'o hupenda kivuli, na kivuli kikiondoka naye huondoka. Kilichokuwa kibaya ni kwamba mwenye kukata hakuulizwa.

Wala kukata peke yake si dawa ya milele. Shinyanga ilikatwa, ikaendelea kukatwa kwa pamba na kwa kuni, hata upepo ukachukua udongo. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, na Wasukuma wakarudia ngitili zao za zamani, yaani malisho yanayofungwa kwa majira ili majani na miti ipumzike. Hekima ya kuishi na pori pasipo kuliacha lishinde, na pasipo kulimaliza, ilikuwapo kabla ya Swynnerton.

Malale yenyewe haikufa. Mwaka 2001 watalii wa Ulaya waliotembelea Serengeti na Tarangire, hapa jirani, walirudi kwao na malale, na waganga wa Ulaya wakaandika habari zao upesi. Twafurahi walitibiwa. Twauliza tu, mchungaji wa Mbulu akipata homa ileile, akawa asinzia mchana na kukesha usiku, nani huandika?

Na tusijifanye kwamba makosa yote ni ya wakoloni. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Serikali yetu wenyewe, kwa msaada wa Kanada, ililima ngano katika nyanda za Hanang, na mashamba yale yakameza ekari zipatazo 100,000, mengi yake yakiwa malisho mazuri ya Wabarabaig. Taifa lilitaka mkate, na kutaka mkate si dhambi. Lakini ng'ombe waliofukuzwa hawakuyeyuka. Walisongamana katika milima na mapori yaliyobaki, na kila mfugaji ajua kwamba kumsukumia ng'ombe porini ni kumkaribisha kwa mbung'o.

Ghana nao walijenga bwawa la Akosombo, likakamilika mwaka 1965, fahari ya Afrika nzima, tena twaliheshimu hata leo. Lakini maji yalipotulia, magugu yakaota, konokono wakajaa, na kichocho kikawashika watoto wa pwani za ziwa lile kwa wingi usiopata kuonekana hapo mbele. Lambo dogo la kijiji ni mtoto wa bwawa kubwa, lina tabia zilezile. Malaria nayo ilizoea kuwaogopa watu wa milimani, maana vijidudu vyake vikali havikomai ndani ya mbu penye baridi iliyo chini ya nyuzi 18 hivi. Baridi hiyo sasa si ya kuitegemea. Baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 malaria ilipanda katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ikawakuta watu wasio na kinga.

Hatusemi watu wasilime, wala wasichimbe malambo. Bila maji Bashay haina maisha. Twasema mabadiliko ya ardhi yana mdudu wake, na mdudu huyo aulizwe habari zake mapema, si baada ya mazishi.

Wanachama wenye nguruwe waanze wao. Haifai katibu wa tawi kuhutubia juu ya maendeleo huku nguruwe wake wakizurura nyuma ya jukwaa. Kila nguruwe awe na banda kabla ya masika, kila nyumba iwe na choo, nyama ikaguliwe na iive. Kijana mwenye kifafa apelekwe hospitali, apate vidonge vyake vya kila siku, arudishwe shuleni, na ale na wenzake.

Penye lambo, maji ya kunywa yatolewe kando, na watoto wasioge ndani yake. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ugawaji wa ardhi yake, basi akija mtaalamu na ramani ya shamba, ya barabara au ya bwawa, wananchi wamwulize: ng'ombe wataenda wapi, maji yatatuama wapi, na mdudu gani atakuja? Mwenyekiti asitie sahihi mpaka majibu yameandikwa na kusomwa mbele ya mkutano, kina mama wakiwapo, maana wao ndio wanaouguza.